Kamera ya Kupigia Picha Nyota: Tununue Ipi?

(Maelezo yaliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, waalimu, kaka zangu mliotutangulia hapa shuleni, na ninyi wadogo zangu mlioacha kufua leo Jumamosi ili mje kutusikiliza:

Nimepewa dakika ishirini, nami ni mtumishi wa serikali. Mnajua wenyewe dakika ishirini za ofisini zilivyo. Nitajitahidi.

Kamati imeniomba nieleze jambo moja tu. Chama chetu kimechanga fedha kwa ajili ya Klabu ya Sayansi. Shule inayo darubini ndogo, yenye kioo cha milimita 130, zawadi ya mwenzetu mmoja. Darubini hiyo imekaa stoo miaka mitatu, juu ya maboksi ya karatasi za mitihani ya majaribio. Vijana wameutazama mwezi kwayo mara mbili tatu, kisha ikarudi stoo. Sasa wanataka kupiga picha za vitu vya mbali angani, na kwa hiyo wanahitaji kamera. Mkutano uliopita uligawanyika. Wako waliotaka kamera maalumu yenye kipoozeo ndani, wako waliotaka ile mitambo mipya inayojiendesha yenyewe, na kaka mmoja aliyekaa nyuma alisema simu yatosha, twende tukale.

Fedha hizi ni za watu. Katika orodha ya wachangiaji nimemwona mwenzetu mmoja, dereva mstaafu, ametoa shilingi elfu kumi. Basi nikaazimia kuwa hapa sitasema neno juu ya kamera yoyote kwa kusoma matangazo yake tu. Nitasema yale niliyoyalipia kwa mfuko wangu, pamoja na yale niliyoyalipia bure.

Mimi naishi Keko. Wasioijua, ndiko wanakotengeneza makabati na vitanda. Mchana kutwa ni msumeno na randa, na vumbi la mbao huingia mpaka kwenye sukari. Si mahali ambapo mtu angechagua kutazamia nyota. Taa ni nyingi, bandari haiko mbali, na Uwanja wa Mkapa ukiwa na mechi ya usiku mbingu ya upande ule hugeuka kuwa kama uji wa maziwa. Umeme unapokatika Keko nzima, mama watoto hutafuta mshumaa, mimi hukimbilia juu ya paa.

Nilianza mwaka 2016. Tarehe 1 Septemba mwaka ule jua lilipatwa na kubaki umbo la pete, na kule Rujewa, wilayani Mbarali, watu walifurika kutoka kila upande. Nilikuwa safarini kikazi mkoani Mbeya, nikaomba ruhusa ya nusu siku. Nilirudi Dar es Salaam nikiwa mtu mwingine, na baada ya muda nikanunua darubini inayolingana na hii ya shule: kioo milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650.

Sasa, tunataka kupiga picha za nini? Mwezi na sayari si taabu, maana mwanga wake ni mwingi. Simu ikishikizwa vizuri kwenye lenzi ya jicho hutoa picha nzuri ya mwezi, na hapo kaka yangu wa nyuma ana haki yake. Lakini vijana wanaulizia vishada vya nyota, mawingu ya gesi na galaksi. Na hapa ndugu zangu lazima niseme tumependelewa. Sisi tunaokaa digrii saba hivi kusini ya ikweta twaiona karibu mbingu yote. Mawingu ya Magellan, ambayo mtu wa London hayaoni maisha yake yote, sisi twayaona kusini. Andromeda twaiona kaskazini. Orioni hupita karibu na utosi. Kilimia, ambacho wakulima wetu tangu zamani walikitazamia ili wajue msimu, mwaweza kukiona hata pale uwanja wa mpira. Yale mawingu ya gesi ya Orioni yako umbali wa miaka ya mwanga 1,350 hivi. Mwanga utakaoingia katika kamera ya shule uliondoka kule wakati miji yetu ya pwani ingali vijiji vya wavuvi na wakulima.

Mwanga huo ni haba, na jicho halijui kuweka akiba. Kamera inajua. Ukiifungua sekunde 30 hukusanya mwanga wa sekunde 30. Piga picha kama hiyo mara 60, kompyuta izipange moja juu ya nyingine, nawe una nusu saa ya mwanga katika picha moja. Kazi yote ni hiyo. Kaka zangu mliopiga kwa filamu mtakumbuka kuwa filamu ilichoka: ukizidisha muda mara mbili hupati mwanga mara mbili. Kamera za siku hizi, badala ya filamu, zina kibamba kidogo kinachopokea mwanga, nitakiita kipokeo. Kipokeo hakichoki, ila kina matatizo yake, nitayafikia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Niliona kamera ndogo, mfano wa kopo la mafuta ya kupaka, na juu ya boksi imeandikwa kuwa ni kamera ya darubini. Nikafikiri, kama ni ya darubini basi ndiyo. Nilitumia fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya dari ya chumba cha watoto. Kipokeo chake kilikuwa na milimita 4.8 kwa 3.6, chini ya ukucha wa kidole cha mwisho. Usiku wa kwanza nilielekeza kwenye Kilimia, nikaona nyota moja kubwa na kando yake kiza. Nikageuza kwenye mwezi mpevu, haukuenea. Kamera ile ilikuwa nzuri sana kwa kazi yake, ambayo ni kupiga Mushtarii na Zohali. Kosa halikuwa la kamera wala la muuzaji. Mimi sikufanya hesabu ya kidato cha pili.

Hesabu yenyewe ni hii, wadogo zangu iandikeni. Chukua upana wa kipokeo, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa darubini, kisha uzidishe kwa 57.3. Jibu ni upana wa anga utakaoonekana, kwa digrii. Kwa kamera yangu: 4.8 kwa 650, mara 57.3, ni digrii 0.42. Mwezi mpevu una nusu digrii. Laiti ningekaa mezani dakika mbili na kalamu, watoto wangelala chini ya dari.

Sasa fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa kamera ya mpiga picha za harusi, ile ya kubadilisha lenzi. Naitaja Canon EOS 600D ya mwaka 2011 kwa sababu ndiyo niliyonayo, nami niliinunua ikiwa imetumika. Kipokeo chake kina milimita 22.3 kwa 14.9. Jibu ni karibu digrii 2 kwa 1.3, yaani miezi mipevu minne mstari mmoja. Hapo Kilimia kinaenea. Kishada kile kikubwa cha Omega Centauri, chenye nyota zipatazo milioni 10, kinaenea na nafasi inabaki.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ambaye nafahamu ndiye mwenye ufunguo wa stoo, aliniuliza mwaka jana: simu ya kaka yake ina megapikseli 50, kwa nini tunune kamera ya megapikseli 18? Swali zuri, na watu wazima wengi wameliwa fedha zao kwa kutoliuliza. Pikseli ni kama ndoo zilizopangwa uani wakati wa mvua. Ukiweka ndoo nyingi ndogo mahali pale pale, mvua haiongezeki. Tena hewa yenyewe huitikisa nyota, hata sura yake ikatapakaa kiasi cha sekunde mbili za pembe au zaidi. (Digrii ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60.) Zidisha ukubwa wa pikseli kwa 206, ugawanye kwa urefu wa fokasi. Pikseli ya kamera yangu ni maikromita 4.3, katika darubini ya shule kila pikseli itafunika sekunde 1.4 hivi. Inatosha kabisa. Ukigawanya zaidi ya hapo unaigawanya hewa.

Baada ya hesabu hizo mtu angesema, basi, tununue. Subirini. Nilipoifunga kamera ya harusi kwenye darubini yangu, picha haikukaa sawa hata kidogo. Kila nyota ilikuwa kitumbua. Darubini ndogo za vioo hutengenezwa kwa ajili ya jicho, si kwa kamera. Ndani ya kamera ya aina hii kipokeo kimekaa milimita 44 nyuma ya mdomo, na mahali nyota zinapojikusanya hapafiki huko. Wiki mbili nilidhani nimeibiwa tena. Dawa ikawa kukisogeza kioo kikuu mbele ndani ya bomba, sentimita tatu na nusu, kwa boliti ndefu tatu nilizozitafuta Gerezani. Kazi ya Jumapili moja, na mkono usitetemeke. Kwa hiyo kabla Kamati haijatoa hata senti, naomba vijana waazime kamera kwa mpiga picha yeyote wa mjini, waifunge kwenye darubini ya shule, wautazame mwezi. Ukikaa sawa, vema. Usipokaa, wajue kwamba kuna kazi ya boliti.

Sasa nafika mahali ambapo najua baadhi ya kaka zangu hawatafurahi. Mbingu inazunguka. Karibu na ikweta ya mbingu nyota hutembea sekunde 15 za pembe kwa kila sekunde ya saa. Gawanyeni kwa 1.4: darubini ikisimama tu, nyota hukatiza karibu pikseli 11 kwa sekunde moja. Mkiifungua kamera sekunde 30 mtapata mistari, hata kama kamera imenunuliwa kwa bei ya gari. Stendi ya darubini yetu haina mota. Katika mkutano uliopita tulibishana saa nzima juu ya kamera, na hakuna aliyeitaja stendi, mimi nikiwamo.

Stendi inayofuata nyota huwa na mhimili mmoja ambao lazima uelekezwe kwenye ncha ya mbingu. Kwa mtu wa Ulaya ncha hiyo iko juu angani, na kaskazini yake kuna nyota ya kuionyesha. Kwetu Dar es Salaam ncha ya kusini iko digrii saba tu juu ya upeo wa macho, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno; Keko hata siitafuti. Baadhi ya stendi hazikubali kuinama kiasi hicho. Ya kwangu iligoma kwenye digrii 20. Nilimwendea jirani yangu seremala, nikamwambia nataka kabari ya mninga yenye pembe ya digrii 13. Aliniuliza ni ya mlango gani. Nilipomweleza aliweka randa chini, akanitazama, kisha akaikata barabara kuliko kipimo nilichompa, na usiku ule akapanda paani kuiona inavyofanya kazi. Kabari ile ipo mpaka leo. Kwa bei ya chakula cha mchana ilinifaa kuliko kitu chochote nilichoagiza kutoka nje.

Tuje kwenye joto, kwani ndilo lililowafanya wengine watake kamera yenye kipoozeo, nao hawakukosea kulitaja. Kipokeo kikipata joto hujitengenezea chengachenga zake chenyewe, kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni. Kwa kila digrii sita au saba za joto zinazoongezeka, chengachenga hizo huongezeka maradufu. Mzungu anayeandika kitabu cha mafunzo akiwa nje usiku wa Januari yu ndani ya friji. Sisi Januari usiku tu kwenye digrii 25 au 26, na kamera ikifanya kazi hupata joto kupita hapo. Kamera yenye kipoozeo hushusha joto la kipokeo kwa digrii 35 hivi chini ya hewa, na chengachenga za joto hupungua zaidi ya mara 30. Ni chombo bora. Nimekitumia cha kuazima usiku mmoja, na sikutaka kukirudisha.

Lakini sikilizeni. Nikiwa Keko sikuona tofauti kubwa, kwa sababu mwanga wa jiji wenyewe ulikuwa umeifunika picha, na kipoozeo hakizimi taa za barabarani. Tofauti niliiona Kimbiji, kule Kigamboni, mahali ambapo ukiipa bahari uso jiji lote linabaki mgongoni. Na huko Kimbiji hiyo hiyo, kamera yangu ya harusi ilinipa picha ya Omega Centauri, mara 40 za sekunde 30, ambayo sijawahi kuipata Keko kwa kifaa chochote. Nauli ya daladala ilishinda dola mia saba. Joto nalo lina dawa ya kimaskini: ukimaliza, funika mdomo wa darubini, piga picha kumi na tano za giza kwa muda ule ule, kompyuta izitoe katika zile za nyota. Usiku wetu haubadiliki joto sana kutoka saa mbili hadi saa nane, kwa hiyo picha hizo za giza hulingana vizuri. Halafu kuna kipupwe. Juni hadi Agosti hewa ni kavu na ya baridi kidogo, na ndipo katikati ya galaksi yetu inapopita juu ya vichwa vyetu.

Kamera ya kipoozeo ina madai mengine pia. Yataka umeme wa uhakika na kompyuta pembeni usiku kucha. Yataka mtu wa kuangalia unyevunyevu usiingie ndani na kuganda. Ikiharibika, hapa nchini sijui nani nitampelekea. Ile ya harusi betri yake ipo Kariakoo, chaja ipo, na kila mji una mtu aliyewahi kuifungua. Tena Mwalimu Mkuu ataipigia picha mahafali.

Ina kasoro moja ambayo sitaificha. Ndani mna kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya ile rangi nyekundu ya gesi ya haidrojeni, kwa hiyo mawingu ya gesi kama yale ya Carina hutoka yamefifia. Wako mafundi wanaokiondoa kichujio hicho. Nasihi kisiondolewe mwaka wa kwanza. Na anayenunua iliyotumika aulize imekwisha piga picha ngapi, maana pazia la ndani huchakaa. La kamera ya daraja hili hukadiriwa picha 100,000 hivi, na msimu mmoja wa harusi hula nyingi.

Ile mitambo inayojiendesha, kama Seestar S50 iliyotoka mwaka 2023, siitukani. Unaiweka chini, unabonyeza simu, nayo inatafuta, inafuata, inapanga picha zenyewe. Lenzi yake ni milimita 50 tu, lakini usiku ule ule kila mtu ana picha mkononi. Kwa Siku ya Wazazi hakuna kitakachoishinda. Ningekuwa na umri wa kustaafu na mgongo unaniuma, ningeinunua kesho. Lakini mimi nilijifunza hesabu zote nilizowaambia leo kwa sababu kamera yangu ilikataa. Kijana anayebonyeza simu atapata picha ya Omega Centauri bila kujua kwa nini imeenea katika fremu. Hapo Ndugu Mwenyekiti najua tunatofautiana mimi na wewe, na kura ni ya mkutano.

Basi pendekezo langu kwa Kamati. Kamera ya harusi iliyotumika, ikaguliwe na mtu anayeijua, isizidi robo ya fedha zilizochangwa. Fedha kubwa iende kwenye stendi yenye mota, na kabla ya kuinunua iulizwe inakubali kuinama mpaka digrii ngapi. Kinachobaki kiwe nauli na chakula cha vijana na mwalimu wao kwenda mahali penye giza, mara nne kwa mwaka, mwezi unapokuwa mchanga. Adapta ya kuunganisha kamera na darubini ni kipete kidogo tu, nitakitoa mimi. Ikiwa baada ya miaka mitatu vijana wameimaliza kamera hii na bado wanalalamikia chengachenga, waniite, nami nitasimama hapa hapa kuomba ile ya kipoozeo. Iwe ya rangi lakini. Ile ya nyeusi na nyeupe huona vizuri zaidi, ila yataka vichujio vyake na subira ambayo kidato cha nne hawana karibu na mtihani.

Wadogo zangu wa klabu wameniomba waione kamera yenyewe. Nimekuja nayo, ndiyo ile mezani mbele ya Ndugu Mwenyekiti, na darubini nimeambiwa imetolewa stoo iko nje ya bwalo. Mwezi utapanda baada ya chakula, tutajua leo hii kama tunahitaji boliti. Ila Ndugu Mwenyekiti, tangu nianze kusema ninaitazama ile jagi ya maji iliyo karibu nayo. Naomba isogezwe.